Aya ya Ini

Dorah Nyanchoka ameuza ndizi katika soko la Homa Bay kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwona akificha ndizi iliyooza chini ya chane nzuri. Naliandika hili kwanza kwa sababu watu wakisikia habari za mtu wa soko hudhani lazima awe mjanjamjanja. Nyanchoka si mjanja. Ni mtu wa kufuata. Ukimwambia dawa hii ni ya saa mbili asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano utamkuta amesimama na kikombe cha maji mkononi. Alipokuwa shemasi kanisani alipanga viti kwa kamba ili mistari isipinde. Mimi, mwalimu mstaafu Ombui, jirani yake wa ukuta mmoja na mzee wa kanisa hilohilo, nilikuwa nikimtania. Nilimwambia, "Mama Sheila, hata mbinguni watakuomba upumzike kidogo." Alicheka, akaendelea kunyoosha kamba yake.

Mtu huyu asiyeficha hata ndizi, mimi nilimficha jambo kwa miezi saba. Nilijua kilichomuua binti yake, naye hakujua. Naandika sasa kwa sababu limeshatoka, na sioni faida ya kujifanya mtu mwema.

Sheila alikuwa mtoto wake wa pekee. Akiwa na miaka minane alianza kunywa maji bila kutosheka, akakonda mpaka sketi ya shule ikawa inamdondoka, akaanza kukojoa kitandani. Mama yake alidhani ni minyoo. Sisi wengine tulidhani ni uvivu, na nina aibu kusema kwamba niliwahi kumtia adabu kwa kutoka darasani kila dakika kumi. Hospitalini walimpima wakakuta sukari iko juu kupita kiasi. Wakaeleza kwamba kongosho lake limeacha kutengeneza insulini na halitaanza tena. Si kile kisukari cha watu wazima tulichokizoea. Ni kile cha watoto, ambacho bila insulini mtu haishi. Baba yake alikuwa amekwisha kufa kwenye ajali ya barabarani karibu na Rongo, kwa hiyo Nyanchoka aliipokea habari hiyo peke yake, mimi nikiwa kando nimemshikia mkoba.

Walipewa dawa ya kuchanganya, ile nyeupe kama maziwa, sindano moja asubuhi na nyingine jioni. Pamoja nayo walipewa kanuni: mtoto asipokula, usimdunge. Kwa dawa ile kanuni ilikuwa na maana yake. Wiki ya tatu Nyanchoka alimdunga, moto ukasumbua, uji ukachelewa kuiva, na Sheila akaanguka palepale jikoni akitetemeka, macho yamegeuka. Walimpaka sukari kwenye fizi ndipo akarudi. Tangu siku hiyo kanuni ile haikuwa maneno ya muuguzi tena. Iliingia mifupani mwa mama yule. Kwa miaka saba hakugusa sindano kabla ya kuona sahani, na sahani iwe na chakula.

Halafu ikaja mashine. Kaka yake Nyanchoka, Oyaro, anaishi Minnesota, anahudumia wazee katika makao yao. Kuna familia huko ambayo mtu wao alipata pampu mpya ya insulini, wakampa Oyaro ile ya zamani pamoja na maboksi ya mirija na vikasha vya dawa. Ilifika kwenye sanduku la msafiri mmoja wa kanisa, imefungwa ndani ya soksi. Ilikuwa ndogo kiasi cha kukaa kwenye kiganja, ina kioo, vifungo vinne na klipu ya kuning'inizia kiunoni. Humo hutoka mrija mwembamba unaoishia kwenye sindano laini ya plastiki, inayokaa chini ya ngozi ya tumbo siku tatu kabla ya kubadilishwa.

Daktari wa kliniki hakuikataa. Aliwaketisha siku mbili, akaingiza kwenye mashine namba za Sheila, yaani vipimo vya dawa yake, akawataka warudi kila wiki, na akasisitiza mtoto asikae bila mashine kwa zaidi ya saa moja. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu walitafuta mtu wa kumlaumu kule kliniki. Kliniki walisema walilopaswa kusema.

Tatizo lilikuwa kitabu. Kilikuwa na kurasa zaidi ya mia mbili, Kiingereza kitupu. Nyanchoka alikuja nacho kwangu alasiri moja akiwa amekifunga kwa leso.

"Mwalimu, nimekuja na hii kitabu. Kizungu yake inanipita. Nataka uniandikie kwa Kiswahili, nisome mwenyewe. Sitaki kuwa nauliza mtoto kila saa."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu. Maana ya kila neno. Mimi nikishajua maana, sitasahau."

Nilikubali kwa furaha ambayo haikuwa yote ya kumsaidia. Nilikuwa nimestaafu miaka mitatu, hakuna aliyeniuliza maana ya kitu chochote tangu siku niliyorudisha funguo za ofisi. Nikanunua daftari la kurasa tisini na sita, nikachonga penseli, nikajiona msomi.

Wiki tatu tulikaa kwenye veranda yangu kila alasiri baada ya soko. Nilimweleza kwamba mashine haina dawa mbili kama alivyodhani. Ina moja tu, ile inayofanya kazi haraka, lakini huitoa kwa njia mbili. Ya kwanza kitabu kinaiita basal: matone madogomadogo yanayoingia mwilini saa zote, mchana na usiku, bila mtu kubonyeza kitu. Nikaandika: dawa ya mfululizo. Ya pili ni bolus, ile unayoiagiza kwa vifungo unapotaka kula. Nikaandika: dawa ya chakula. Tukaingia kwenye hesabu ya wanga, yaani kiasi cha dawa kinachotosha kipande fulani cha ugali. Nyanchoka akaleta mizani yake ya soko, tukapima ugali, viazi vitamu, ndizi mbichi na mbivu, mpaka mke wangu akauliza kama tumefungua hoteli. Tukaja kwenye dawa ya kusahihisha, ya kushusha sukari iliyopanda. Tukaja kwenye dawa iliyobaki mwilini, ambayo mashine huikumbuka ili usiongeze nyingine juu yake ukamwangusha mtoto.

Hii ya mwisho niliiogopa kidogo. Nilidhani itamshinda. Yeye akasema, "Hiyo ni kama umekula, chakula bado iko kwa tumbo, halafu mtu anakupakulia ingine. Si utatapika?" Nilipaswa kujifunza kitu siku ile. Sikujifunza.

Kwa sababu tulipofika ukurasa wa thelathini na moja kulikuwa na aya fupi kuhusu ini. Ilieleza kwa nini ile dawa ya mfululizo ipo. Ini la binadamu huweka akiba ya sukari na kuimwaga kwenye damu saa zote, hata kama mtu hajatia kitu mdomoni kutwa nzima. Dawa ya mfululizo kazi yake ni kuishughulikia sukari hiyo. Ikikatika, kwa kuwa mashine haina dawa nyingine ya kukaa muda mrefu mwilini, baada ya saa chache mwili huanza kuunguza mafuta yake, na damu hujaa asidi.

Niliisoma mara mbili. Niliielewa vizuri kabisa. Nikaandika neno "ini" kwenye daftari, nikalifuta. Nilikuwa nimechoka, lakini si uchovu ulionifanya nilifute. Nilijiambia: huyu ni mama wa ndizi, nikimwingizia habari za ini na asidi nitamvuruga kichwa, anachohitaji ni vifungo. Nikaandika badala yake, "Dawa ya mfululizo inaenda yenyewe, huna haja ya kubonyeza kitu." Nikafungua ukurasa wa thelathini na mbili. Nilifundisha sayansi darasa la saba kwa miaka ishirini na sita, ini likiwemo, na nililiruka.

Miezi mitano Sheila aliishi kama watoto wengine. Sijui nielezeje. Alikwenda harusini akala chapati tatu, akabonyeza vifungo, akaendelea kucheka. Alikuwa na miaka kumi na mitano, anaimba sauti ya pili kwaya ya vijana, mdomo wake hauna breki. Alinipita kwenye ua akipapasa kiuno. "Mwalimu, mimi natembea na kongosho kwa mfuko. Wewe yako iko wapi?" Nilimwambia anyamaze akasome. Nilimpenda mtoto yule. Basi.

Mwezi wa nane mwaka jana kanisa letu lilikuwa linajiandaa kwa efoti, yale mahubiri ya hadhara ya wiki mbili. Tuliamua washiriki wafunge Sabato iliyotangulia, tangu jua linapozama Ijumaa mpaka linapozama Jumamosi, maji tu. Aliyesimama mbele kutangaza ni mimi. Sheila hakuwahi kufunga maishani mwake. Kwa dawa ya zamani alikatazwa, akawa kila mara anaketi na wajawazito na wazee wakati wenzake wanajivunia njaa yao. Safari hii akamwambia mama yake kwamba kwa mashine inawezekana. Na kweli ilikuwa inawezekana. Jambo hilo ndilo linaloniuma kupita yote: msichana alikuwa sahihi. Angeiacha mashine kiunoni, angepima sukari yake mara kwa mara, angefunga na kufungua salama.

Lakini mama yake alikuwa na kanuni yake mifupani. Ijumaa ile walikula mapema, Sheila akabonyeza dawa ya chakula kama kawaida. Jua lilipozama, Nyanchoka akaivua mashine, akaifuta, akaiweka kabatini. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa anajieleza jinsi alivyokuwa mwangalifu.

"Sheila akaniuliza, 'Mum, si daktari alisema nisikae bila hiyo kitu?' Nikamwambia hiyo ni siku za kula. Leo haukuli. Mtu hajakula hadungwi, utaanguka kama ile siku ya uji. Akanyamaza. Ni mtoto alikuwa anasikia."

Jumamosi asubuhi nilimwona Sheila kwenye Shule ya Sabato akinywa maji chupa baada ya chupa. Nikafikiri ni kufunga kwa mara ya kwanza. Alitoka nje mara nyingi. Wakati wa hubiri alilala kwenye bega la mama yake, na kabla ya wimbo wa mwisho alitapika. Tukamtoa nje. Alikuwa anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu kama aliyetoka mbioni, na mdomo wake ulinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Watu wakasema sukari imeshuka kwa njaa. Kila mtu aliyewahi kuishi karibu na mgonjwa wa sukari anajua jambo moja: sukari ikishuka, mpe kitu kitamu. Kipima sukari kilikuwa nyumbani kwenye kabati lilelile, kwa kuwa siku hiyo hakuna chakula cha kuhesabia.

Sisi Waadventista hatununui kitu siku ya Sabato. Mimi nilivuka barabara mbele ya kanisa zima nikanunua soda. Nilijiona nimefanya jambo la kishujaa, nimeivunja Sabato kuokoa nafsi. Nilimshikia chupa mwenyewe. Alikunywa karibu nusu, akatapika, nikamnywesha tena.

Hospitalini walimpokea mbio. Waliweka maji kwenye mishipa ya mikono yote miwili, wakaleta insulini, wakamzunguka. Daktari wa zamu, binti mdogo kuliko wanangu, aliuliza mashine iko wapi. Nyanchoka akajibu bila wasiwasi, "Iko nyumbani, daktari. Alikuwa amefunga." Nilimwona daktari akifumba macho kidogo. Walipigana naye jioni ile yote. Jumapili saa nne asubuhi Sheila akafa.

Nyanchoka alikuwa ndani na mwili. Daktari akanivuta kando kwenye korido, akanieleza kwa sauti ya chini. Hakuna haja ya kurudia alichosema. Kilikuwa ukurasa wa thelathini na moja, neno kwa neno karibu.

"Mama anajua?" akaniuliza.

"Hajui."

"Lazima aelezwe. Naweza kukaa naye."

"Niachie mimi," nikasema. "Mimi ni jirani. Nitamweleza mwenyewe, polepole."

Alinishukuru. Alinishukuru, jamani.

Tulimzika Jumatano kwa baba yake, Nyamache. Nilipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya kanisa. Nikamtazama Nyanchoka aliyekuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa, leso imemdondoka, nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyapanga: "Mama huyu alifuata kila kitu. Asiwepo mtu wa kumnyooshea kidole. Alifuata kila kitu." Watu wakaitikia kwa kichwa. Yeye akainua uso. Nilimwona akiyachukua maneno yale na kuyashika kama mtu aliyepewa fimbo ya kusimamia.

Hakuwa na kingine. Alirudi sokoni baada ya wiki sita, akakaa nyuma ya ndizi bila kuita wateja. Watu waliacha kumwita Mama Sheila, wakidhani wanamhurumia, na sijui kama kuna jambo lililomwumiza zaidi. Mimi niliendelea kumwita hivyo. Karibu kila jioni alisimama upande wake wa ukuta na kuuliza swali lilelile, si kwa kulia, kwa sauti ya mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Mwalimu, si nilifuata kila kitu?"

"Ulifuata, Mama Sheila."

"Hakuna kitu niliruka?"

"Hakuna ulichoruka."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nilijifariji nalo kama mlevi na chupa yake. Nikimwambia ukweli, niliwaza, nitamnyang'anya kitu pekee kilichomsimamisha asubuhi. Atajua kwamba mkono wake mwenyewe ndio ulioivua. Atakufa. Nikaliita jambo hilo huruma. Usingizi wangu uliliita kwa jina lingine, lakini mchana nilikuwa na majibu mengi.

Ndizi zake nyingi Nyanchoka huzitoa Ntimaru, kule Kuria, kwa mkulima mmoja aitwaye Bhoke. Wamefanya biashara miaka mingi mpaka wakawa kama ndugu. Mwezi wa tatu mwaka huu Bhoke alimpigia simu akilia. Binti yake Gati, wa miaka kumi, alikuwa amelazwa Migori wiki mbili. Ugonjwa ni uleule.

Nyanchoka alikuja kwangu siku hiyohiyo. Macho yake yalikuwa na uhai ambao sikuwa nimeuona tangu mazishi.

"Mwalimu, ile mashine imekaa tu kwa kabati. Maboksi ya mirija bado iko nne. Nataka nimpelekee Bhoke, na nimfundishe. Kliniki ya Migori watamwekea namba zake, mimi nimfundishe maana. Twende na wewe. Wewe ndiye mwalimu."

Nilisema goti linaniuma. Nilisema nina kikao. Akaniambia atangoja wiki ijayo. Sikuwa na njia ya kutoka, na kusema kweli nilijidanganya kwamba huenda somo litapita bila kufika mahali pale.

Jumanne iliyopita tukaenda Ntimaru. Bhoke alitupokea uani, mwanamke mrefu wa maneno machache, akatandika mkeka kivulini mwa ghala la mahindi. Gati akaja kutusalimu kwa adabu, ameinamisha kichwa, shingo nyembamba. Nyanchoka akatandaza kitambaa cheupe, akaiweka mashine katikati, akaanza.

Nimeona walimu wengi. Nimekagua walimu. Sijamwona aliyefundisha kama yeye asubuhi ile. Alikuwa na maneno yangu yote kichwani, na mahali Kiswahili kilipompiga chenga Bhoke, Nyanchoka alirudi nyuma akaleta mfano wa jikoni. Dawa ya mfululizo. Dawa ya chakula. Mrija ukipinda mashine italia. Sindano laini isizidi siku tatu. Gati alisogea karibu, akaruhusiwa kubonyeza. Bhoke akacheka kwa mara ya kwanza.

"Sasa dada," Bhoke akauliza, "huyu akishikwa na malaria, anakataa kula hata siku mbili. Hapo nafanya aje?"

Nyanchoka hakusita. "Hapo ni rahisi. Asipokula, unaivua. Unaweka kwa kabati mpaka arudie kula."

Bhoke akaitikia. Gati akaitikia. Nilimwona mtoto yule akilitia jambo hilo kichwani, midomo inatembea.

"Hapana," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Hapana, Mama Sheila. Asiivue."

"Mwalimu, si ameuliza asipokula?"

"Hata asipokula. Hasa asipokula." Nikawaeleza ini. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikitazama mkeka: kwamba ini humwaga sukari saa zote, mtu akila asile, na kwamba ile dawa ya mfululizo ni ya sukari hiyo. Ikikatika damu inaingia asidi, mtu anatapika, anapumua kwa nguvu, mdomo unanukia tunda. Akiwa mgonjwa wapime sukari kila baada ya saa chache, wakimbilie kliniki, lakini mashine ibaki mwilini.

Nyanchoka alikuwa ameshika boksi la mirija. Akaliweka chini taratibu.

"Hata siku ya kufunga?"

"Hata siku ya kufunga."

"Hiyo asidi. Inaanza baada ya saa ngapi?"

"Saa nne. Tano. Wengine sita."

Akaanza kuhesabu kwa vidole tangu Ijumaa jua linapozama. Vidole vya mikono yote miwili vilimwishia, akaanza upya, akafika kumi na nane, akaacha.

"Na ile soda?"

"Soda ilimwongezea. Hiyo ni mimi."

"Ni nani alikuambia?"

"Daktari. Siku ileile, kwenye korido. Lakini nilikuwa najua tangu zamani. Iko kwenye kitabu."

"Kitabu gani? Hii yetu?"

"Ukurasa wa thelathini na moja."

"Haiko kwa daftari. Daftari naijua yote."

"Sikuiandika."

Bhoke alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, amemvuta Gati kwenye mapaja yake. Nyanchoka hakulia. Ningetoa chochote alie. Alinitazama jinsi anavyomtazama mtu anayempunja mizani.

"Mbona hukuandika, Mwalimu?"

Ningeweza kusema nilisahau. Nilikuwa nimeshadanganya miezi saba, mara moja zaidi isingenishinda. Nikasema, "Nilidhani itakuwa ngumu kwako."

Akamgeukia mtoto. "Gati, umesikia hiyo maneno ya ini?"

"Nimesikia, mama."

"Hebu niambie."

"Ini inaweka sukari kwa damu hata kama sijakula. Sasa mashine haivuliwi."

"Ni ngumu?"

Gati alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "Si ngumu."

"Si ngumu," Nyanchoka akasema, bila kunitazama. Akanyoosha kitambaa, akaichukua mashine, akamgeukia Bhoke na kuendelea na somo mpaka mwisho. Alifundisha saa nzima nyingine. Alirudia habari za ini mara tatu, vizuri kuliko mimi, na kila alipofika kwenye ile saa ya nne na ya tano alimwambia Bhoke aihesabu mwenyewe kwa sauti. Alipomaliza alimpaka Gati mafuta mikononi, akasema watoke waende kliniki kesho bila kukosa, akajifunga leso.

Tulitembea mpaka barabarani. Gari la Migori likaja, lina nafasi za kutosha. Nikasimama pembeni apande kwanza.

"Panda hiyo," akaniambia. "Mimi nitangoja ingine."

"Mama Sheila..."

"Panda, Mwalimu."

Nikapanda. Gari lilipoondoka niligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama kando ya barabara, mkoba umeanguka miguuni, anahesabu tena kwa vidole kuanzia Ijumaa.